Sokwe wa Gombe hahitaji brashi, ngoma anayo

Kila picha ya sokwe aliyeshika brashi ikisambaa WhatsApp lazima mtu anifuate inbox, kaka si muwape rangi na hao wa kwenu Kigoma wachore, mkiuza hela iende kwenye uhifadhi? Kazi yangu ni kufuatilia sokwe huku mwambao wa Ziwa Tanganyika, ngoja leo nijibu wote kwa mpigo.

Wazo si jipya. Miaka ya 1950 London kulikuwa na sokwe anaitwa Congo, mtaalamu wa wanyama Desmond Morris akampa penseli na rangi, akatoa kama michoro 400. Na alikuwa na msimamo huyo, ukimnyang'anya karatasi hajamaliza anakuja juu, akishamaliza hata umbembeleze hagusi tena. Mwaka 2005 mitatu iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 14,000. Halafu kulikuwa na sokwe Brent wa Louisiana, Marekani, alikuwa anapaka kwa ulimi, 2013 alishinda shindano la michoro ya sokwe na kituo kilichokuwa kinamlea kikapata dola 10,000. Hiyo naikubali, maana Brent alitoka maabara, porini asingerudi tena, angalau rangi ilimchangamsha na hela ilimlisha. Ila wale tembo wa Thailand wanaochora maua mi sina hamu nao, mwenye tembo yuko pembeni anamvuta sikio kumwelekeza mkonga uende wapi, sasa hapo msanii nani?

Wa hifadhi zetu za Gombe na Mahale ni wa porini bwana, na magonjwa yetu yanawaua. Polio iliingia Gombe 1966, wengine wakafa wengine wakabaki vilema, ndo maana Mahale mgeni anavaa barakoa na anasimama mita 10 kutoka kwa sokwe. Umpe brashi uliyoishika wewe aitie mdomoni? Thubutu.

Ila sanaa wanayo tayari. Dume akipandwa na mzuka anaanza hu, hu, huu inapanda mpaka inakuwa ukelele, anakimbilia mti wenye mizizi mipana iliyosimama kama ukuta, anaishika kwa mikono anaitandika kwa miguu, du-du, dududu, kimya, du. Kila dume na mtindo wake, watafiti wa msitu wa Budongo Uganda walishaupima. Kiboko yao Mike wa Gombe, 1964 aliokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini kwa mtafiti Jane Goodall akawa anayagonganisha huku anawashukia wenzake mbio, wakubwa wote wakatawanyika, jamaa akawa bosi. Madebe ikabidi yafichwe.

Kwaiyo mi nasema badala ya michoro turekodi hizo ngoma zao tuuze. Bonde la Issa, huku huku magharibi mwa Tanzania, watafiti wanafunga rekoda mitini kujua sokwe wako wapi, sauti ni zilezile tunazotaka. Nilimsikilizisha mpiga ngoma mmoja wa Ujiji, akacheka, akajaribu kufuata akapotea kwa sababu sokwe hakuhesabii, mwisho akaacha kufuata akawa anajibu tu kwenye zile kimya, na hapo ndo ikawa muziki. Hela ya hizo rekodi iandikwe mapema kabisa inaenda misitu ya vijiji, maana sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, sio ndani.

Ombi moja kwa vijana wa studio, msibebe spika kwenda kuwapigia msituni. Madume wakisikia mlio wa sokwe wasiyemjua wanaona wamevamiwa, wanakuja kutafuta ugomvi, na wewe ndo umesimama hapo na spika.