Simu, mikono na vidonge vya rangi mbili: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, na haya maswali naulizwa kliniki, kwenye daladala, mpaka Mwaloni Kirumba nikienda kununua dagaa, kwahiyo nimeona niyajibu kwa pamoja.

Sista, ni kweli simu ina bakteria au mnatutisha tu?

Kweli kabisa. Wengi wao hawana neno, ni walewale wanaoishi kwenye ngozi yako siku zote. Wa kuogopa ni wachache, kuna huyu stafilokokasi, karibu mtu mmoja kati ya watatu anatembea naye puani na wala haumwi, ila akipata kidonda ndo unaona majipu na usaha. Afu kuna E. koli, huyu anatoka kwenye kinyesi, ukimkuta kwenye simu ujue kuna mtu katoka chooni hajanawa au aliingia nayo humohumo.

Mbona mimi nanawa sana, haitoshi?

Ngoja nikuambie nilichokiona Mwaloni. Mama mmoja anaparua sato, simu ikaita, akafuta mkono kwenye kitenge akapokea, akaibana na bega huku anaendelea kuparua, alipomaliza kuongea akafungua meseji aone kama hela imeingia, gamba la samaki limebaki limeganda juu ya kioo. Mtoto akaanza kulia mgongoni, akapewa simu atulie, na mtoto akaipeleka mdomoni moja kwa moja. Huyo mama baadae alinawa vizuri tu, na sabuni, nilimuona. Afu akaishika simu ileile. Mikono imenawa, simu haijanawa, kwahiyo ni kama hajanawa.

Na kunawa kwenyewe ni sabuni na maji safi yanayotiririka, sekunde 20, siyo kuchovya kwenye beseni moja watu kumi, na siyo yale maji ya ziwa pale ukingoni kwenye mitumbwi. Sanitaiza nayo haifanyi kazi vizuri mkono ukiwa na mafuta ya samaki au uchafu unaoonekana, hapo tafuta maji na sabuni.

Nitaisafishaje simu bila kuiharibu?

Zima, toa kava, chukua kitambaa laini, kiloweshe kidogo na spiriti ya asilimia 70, futa kioo na mgongo, acha ikauke yenyewe. Usimwagie, usitumie Jiki. Kava la plastiki osha na sabuni, uchafu mwingi unajificha humo. Na usiingie nayo chooni jamani. Hata sisi wahudumu tunaoshika simu wodini hili linatuhusu.

Sasa usugu wa dawa unahusianaje na simu?

Simu haitengenezi usugu, tunautengeneza sisi. E. koli akipata mazingira mazuri anajigawa kila dakika 20, yani mmoja ndani ya saa 8 anaweza kufika zaidi ya milioni 16, na katika wingi huo hawakosi wachache waliobadilika ambao dawa haiwamalizi. Wewe unaenda duka la dawa unasema nipe vidonge vinne vya rangi mbili, yani antibaotiki, dawa ya kuua bakteria, wanakufa wale dhaifu, wale wagumu wanabaki peke yao na nafasi yote ni yao, na kibaya zaidi wanaweza kuwapa wenzao kipande cha vinasaba chenye huo usugu, hata wa aina nyingine kabisa. Baada ya hapo ndo mkono na simu vinaingia, wanatoka kwako wanaenda kwa mwenzio.

Hapa naomba mnielewe vizuri, kinachokuwa sugu ni bakteria, siyo mwili wako. Ndo maana hata mtoto mchanga ambaye hajawahi kumeza kidonge anaweza kuugua bakteria sugu aliyetengenezwa na mtu mwingine. Hili linaniuma sana. Mwaka 2019 pekee usugu huu ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Na Alexander Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928 alishaonya mwaka 1945, wakati anapokea tuzo ya Nobel, kwamba mtu akimeza dozi ndogo isiyotosha anawafundisha bakteria kuizoea.

Nina mafua, si ninunue tu azithromaisini?

Hapana. Mafua ni kirusi, antibaotiki haimgusi. Pumzika, kunywa maji. Ukianza kupumua kwa shida au homa ikigoma kushuka njoo hospitali. Na dawa zilizobaki za jirani usizimeze.

Nina UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) sugu, nimeshameza dawa tatu tofauti, nifanyeje?

Mayu (mama), acha kwanza kununua ya nne. Omba mkojo wako ukaoteshwe, wengine wanaita kalcha, hospitali kubwa kama Bugando wanafanya. Chukua mkojo wa katikati, yani wa mwanzo uache upite kidogo ndo ukinge, kwenye kichupa safi walichokupa, na uupeleke kabla hujaanza dawa nyingine. Majibu yanachukua kama siku 2 mpaka 3 kwasababu lazima wawaache bakteria waote, kisha wanawajaribu na dawa mbalimbali waone ipi inawaua. Daktari akikuandikia hiyo, imeze kwa saa na kwa siku zote alizosema.