Kabla hujafunga busta ya mtandao juu ya paa

Malalamiko ya mtandao kukwama huku simu ikionesha mawimbi kamili yameongezeka. Mara nyingi sisi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) tukipanda juu ya paa tunakuta kitu kilekile: antena fupi, waya mweusi na kiboksi cheupe kinachouzwa kwa jina la busta. Katika duka moja tulimwomba mwenye duka akichomoe kwenye umeme, na mstari wa kelele, yaani mawimbi yasiyobeba ujumbe wowote, kwenye kipimio chetu ukashuka papo hapo.

Busta ya namna hii hukuza mawimbi pamoja na kelele zake yenyewe, kisha huzirusha mnarani. Mnara usipoisikia simu ya jirani, simu hiyo hurudia kutuma, na kila kurudia kunaongeza uchelevu. Anayetazama video huenda asione tofauti. Mashine inayoendeshwa kwa mbali haina nafasi hiyo: viwango vya 5G kwa kazi hizo vinataka pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ya baiti 32 ifike hewani ndani ya milisekunde 1, na zinazokosa zisizidi 1 kati ya 100,000.

Hapo spidi ya bando haihusiki, ingawa tunaulizwa hilo kila siku. Ili kupunguza uchelevu, mhandisi hugawa muda wa kutuma vipande vifupi zaidi, hutuma nakala mbili kwa njia mbili, na huweka seva, kompyuta inayoiongoza mashine, karibu na mnara. Data ndani ya mkongo, waya wa nyuzi za kioo, husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde 1. Kreni inayoendeshwa kwa mbali ikiwa Dar es Salaam na seva Dodoma, milisekunde imekwisha kabla data haijafika Dodoma.

Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuidhinishwa kwanza na TCRA. Kutumia kisichoidhinishwa ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani. Risiti ya dukani si idhini. Na hata kilichoidhinishwa usikifunge bila mtoa huduma wako, kwa kuwa masafa hayo amepewa yeye.

Mawimbi yakiwa hafifu, anza kwa mtoa huduma. Taja mtaa, tarehe na saa, kisha dai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, lete lalamiko TCRA ukiambatisha namba hiyo. Bila namba, tutakurudisha kwa mtoa huduma. Kama kiboksi tayari kiko juu ya paa, kichomoe kwanza, ndipo upige simu.