Kuzalisha kasuku nyumbani hapa Nairobi: kutagisha ni rahisi, kupumzisha ndio kazi

Karibu kila wiki kuna mtu ananiandikia kwa inboksi, "nataka hawa ndege wangu watage, nifanye aje?" Na mimi namuuliza kwanza, umejipanga vile utawafanya waache? Kwa sababu kwa hali yetu ya hapa Nairobi baji na kokateli, wale kasuku wadogo wa kufugwa, watataga tu, hata usipojua unachofanya, halafu jike anataga, analea, anataga tena, mpaka anaisha mwili mbele ya macho yako na wewe unafikiria ni baraka.

Hawa ndege kwao ni Australia, kule bara kwenye ukame, na huko hawazaliani ovyo. Wanangoja mvua inyeshe, nyasi zitoe mbegu, chakula kikiwa tele ndio wanatafuta shimo kwa mti. Sasa angalia keji yako hapo Umoja ama Kasarani: mawele yamejaa kila asubuhi, maji yapo, halafu sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima, siku ndefu na siku fupi zinapishana dakika kumi hivi. Hakuna kitu kinamwambia huyo jike msimu umeisha. Ukimwekea boksi la kutagia juu ya hapo, mwili wake unajua tu ni wakati, na utabaki kujua hivyo mpaka wewe mwenyewe useme basi.

Kwa hivyo mimi sheria yangu ni mizao miwili kwa mwaka, hakuna wa tatu, hata kama wateja wanapiga simu. Na jike la baji asiguse boksi kabla hajafika mwaka mmoja, kokateli mwaka na nusu. Kama hujui jike ni yupi, kwa baji waliokomaa angalia ile ngozi juu ya mdomo, dume huwa ya bluu na jike ni ya kahawia, ingawa kuna rangi zingine kama wale weupe na wale wa manjano zinadanganya. Kokateli wa kijivu wa kawaida ni rahisi, dume uso wake ni wa manjano iliyoiva na ndiye anapiga mluzi sana.

Mayai yanakuja moja kila baada ya siku moja hivi, manne mpaka sita, na jike wa baji mara nyingi anaanza kuatamia mapema, siku 18 kila yai, ndio maana utakuta kinda wa kwanza ana manyoya yanachipuka na wa mwisho bado ni uchi, usishtuke. Siku ya saba hivi zima taa za nyumba, washa tochi ya simu na uweke yai mbele yake taratibu bila kulitikisa: likiwa na uhai utaona mishipa myekundu myembamba inatambaa kutoka kwa kidoa kimoja, na lisipokuwa nao mwanga unapita manjano tupu. Sasa hapa ndipo watu wanakosea, wanatoa yale matupu wanatupa. Ukiyatoa yote jike anataga mengine kufidia, kalisi (calcium, madini ya mifupa na ganda la yai) inazidi kutoka kwa mifupa yake. Yaache hapo ayaatamie mpaka achoke mwenyewe.

Na kalisi ndio inaua wengi. Mbegu peke yake hazina ya kutosha, hasa alizeti ambayo ni mafuta tu. Weka ule mfupa mweupe wa ngisi kwa keji, ama chukua maganda ya mayai ya kuku, chemsha, kausha, saga. Ongeza sukuma wiki na yai la kuchemsha. Na wape jua la asubuhi moja kwa moja, la kupitia kioo halisaidii, lakini waachie kona ya kivuli. (Avokado usiwape hata kidogo, ni sumu kwao. Jiko la makaa pia lisiwe chumba kimoja na ndege.)

Jike aliyekwamwa na yai utamjua: ameshuka chini ya keji, amejivimbisha manyoya, miguu ameitanua, na mkia unapanda na kushuka kila akipumua. Inatokea zaidi Juni na Julai usiku ukiwa baridi. Huyo hana muda jamani, mweke kwa joto la digrii 30 hivi, pawe na unyevu, na umkimbize kwa daktari siku hiyohiyo, usimfinye tumbo kabisa kwa sababu yai likivunjikia ndani umemmaliza. Madaktari wengi wa mifugo huku wamezoea ng'ombe na mbwa, kwa hivyo mtafute anayejua ndege kabla hujanunua boksi.

Kupumzisha sasa: makinda wakishatoka wenyewe kwa boksi, toa boksi, punguza yai la kuchemsha na vyakula laini, funika keji mapema wapate giza la masaa 12 ama zaidi, badilisha mpangilio wa vijiti. Akiendelea kukwaruza kona akitafuta pa kutagia, mtenganishe na dume.

Kuhusu kasuku wa kijivu, wale wa kuongea, tafadhali usinunue wa mtu wa barabarani. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa ya kutoka porini imefungwa, na hapa kwetu sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kwa msitu wa Kakamega wamebaki wachache sana.

Na usiuze kinda kwa sababu tu ameota manyoya. Kuruka sio kujilisha. Mwangalie akimenya mbegu mwenyewe siku kadhaa mfululizo na kifuko cha shingoni kiwe kimejaa jioni, baji hiyo ni kama wiki ya sita, kokateli wiki ya nane mpaka kumi, na mteja mwenye haraka mwambie angoje.