“Kama picha ya simu” si sifa

“Mashallah, kama picha ya simu!” Basi, mtu keshageuka kwenda zake. Sufuria iliyochorwa kwa penseli inatazamwa sekunde tatu, na sifa inayopewa ni kwamba imefanana na kazi ya mashine. Nimechoka.

Simu yenyewe haioni sawasawa. Isogeze karibu na sufuria kwa juu, mdomo utavimba na kitako kitasinyaa. Masizi yanageuka doa jeusi tupu, na pale jua la dirishani linapopiga alumini panababuka weupe.

Umbo nalipita haraka. Mdomo ni duara lililolala, halina ncha pembeni kama jicho. Kitako kiko chini zaidi ya usawa wa macho, kwa hiyo hupinda kuliko mdomo. Ukikuta kitako kimenyooka kama rula, mchoro huo uache hapo hapo, hata ung'ae vipi.

Sasa njoo kwenye masizi, ndiko kwenye kazi. Masizi hayang'ai, yanameza mwanga. Penseli nayo, ingawa wazee waliiita kalamu ya risasi, haina risasi ndani: ni grafiti na udongo wa mfinyanzi, na grafiti ikikandamizwa humeta. Unautafuta weusi, unaletewa mng'ao! Mwanagenzi hushika 8B (namba ya B ikipanda, penseli ni laini na nyeusi zaidi) akakandamiza mpaka vinyweleo vya karatasi vikalala. Simama upande, masizi yake yanametameta kama magamba ya changu. Anayejua hutandika matabaka mepesi, 2B, halafu 4B, halafu 6B, ncha ikichongwa kila mara. Hata hivyo weusi wake haufiki weusi wa masizi. Afanyeje? Anapandisha weupe wa kila kitu kingine, meza, ukuta, hata kivuli, hadi jicho likubali kwamba pale ni peusi. Hesabu hiyo ndiyo ya kusifiwa.

Wengine humalizia kwa mkaa wa kuchorea, kwa kuwa haumeti. Ni ujanja au ni akili? Bado sijaamua. Ila uinamishe mchoro dirishani, utauona mpaka wa grafiti na mkaa.

Kingo nazo. Kivuli kilichogusana na kitako huwa kikali, kikienda mbali hulegea. Mstari wa unene mmoja kuzunguka chombo chote ni dalili ya mtu aliyefuatisha tu.

Na tafadhali, kusugua kwa kidole si ufundi. Kidole kina mafuta na jasho, na Kaskazi ya Mombasa mnaijua; doa lile halifutiki vizuri tena. Weka karatasi nyingine chini ya kiganja.

Mwisho, tafuta pale sufuria ilipobonyea. Mwanga ukitoka kushoto, ndani ya bonyeo upande wa kulia ndio unaong'aa, na kivuli kinakaa kushoto. Ukikuta kinyume chake, hilo si bonyeo tena, sufuria imeota jipu.