Je, wajua? Kwa nini kalamu ya wino ya bei kubwa huandika sawa na mdogo wake wa bei ya chini

Arusha ni mji wa saini. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa Novemba 1999, na Agosti ya mwaka uliofuata yakasainiwa makubaliano ya amani ya Burundi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na mawakili hawahesabiki. Si ajabu basi kwamba kalamu ya wino, ile yenye nibu, yaani ncha ya metali yenye mpasuo, na tangi la wino ndani yake, bado ni zawadi ya maana: binti anaapishwa uwakili, shangazi mtu anatafuta kitu cha kumpa kitakachodumu.

Shangazi akifungua orodha ya mtengenezaji mmoja anakuta kalamu tano, sita, na ya juu bei yake ni mara kadhaa ya ile ya chini. Anachukulia, kama wanavyochukulia wengi, kwamba kila akiongeza pesa kalamu itaandika vizuri zaidi. Mara nyingi haiwi hivyo. Kwenye safu ya mtengenezaji mmoja, sehemu inayogusa karatasi na sehemu inayoipelekea wino huwa ni zile zile katika kalamu nyingi. Pesa iliyozidi imekwenda kwenye mwili.

Tuwachukue Lamy wa Heidelberg, Ujerumani, maana safu yao inalionyesha jambo hili waziwazi. Kampuni ilianzishwa mwaka 1930 na Josef Lamy, na mwaka 2024 ikanunuliwa na Mitsubishi Pencil ya Japani; historia iliyo katikati haimsaidii sana mnunuzi. Chini kabisa kuna ABC, yenye mwili wa mbao, kwa mtoto anayejifunza kuumba herufi. Inafuata Safari ya plastiki, iliyotoka mwaka 1980 kwa ajili ya wanafunzi wa Kijerumani wa miaka 10 hadi 15. Moja ya rangi zake za kwanza ilikuwa kijani cha savana, kwa hiyo kuna watoto wa Ujerumani walioandika imla kwa Safari ya rangi ya savana bila hata mmoja wao kuuona mlima wetu. Kisha AL-star, ambayo ni umbo lile lile kwa alumini, na Vista, umbo lile lile tena kwa plastiki inayoonyesha ndani. Juu yake Studio ya chuma. Karibu na kilele ipo kalamu iitwayo 2000, iliyosanifiwa na Gerd A. Müller mwaka 1966, na mpaka leo inauzwa kwa sura hiyo hiyo.

Sasa shika Safari, AL-star, Vista na Studio ya kawaida. Zote huvaa nibu moja ya chuma kisichoshika kutu. Sisemi nibu zinazofanana. Ni kifaa kile kile. Kinachomolewa kwa kukivuta mbele kwa kipande cha selotepu na kuvalishwa kalamu nyingine. Ukiichomoa nibu ya Safari ukaivika Studio, Studio itaandika kama Safari, kwa sababu ilikuwa ikiandika kama Safari tangu ilipotoka kiwandani.

Hapo ndipo hoja ya dhahabu huingia. Sawa, mtu atasema, za chuma zinafanana, lakini nibu ya dhahabu ni habari nyingine. Dhahabu ni laini, inateleza kwenye karatasi. Imani hii ina mizizi mirefu, na haina budi kukaguliwa polepole.

Jambo la kwanza: dhahabu haigusi karatasi. Itazame nchani nibu yoyote ya maana kwa kioo cha kukuzia, iwe ya chuma au ya dhahabu, utaona kitone cha metali ya kijivu kilichochomelewa mwishoni kabisa. Kitone hicho ni mchanganyiko wa metali ngumu, mara nyingi za jamii ya platinamu kama ruteniamu na osmiamu. Watu wa kalamu bado hukiita iridiamu kwa mazoea, hata pale ambapo iridiamu yenyewe haimo. Kiwandani huchomelewa, mpasuo hukatwa katikati yake, kisha husuguliwa mpaka kiwe laini. Utelezi unaousikia mkononi ni wa usuguaji huo. Dhahabu tupu ingeburuzwa kwenye karatasi kila siku ingelika upesi, na hiyo ndiyo sababu ya kuwekwa kitone.

Mbona basi dhahabu ilitumika? Kwa sababu ya kutu. Wino wa karne ya 19 mara nyingi ulikuwa wa chumvi za chuma na tanini, wenye asidi, na nibu za chuma za wakati ule ziliharibika haraka. Dhahabu haijali asidi hiyo. Chuma kisichoshika kutu kilipoenea katika karne ya 20, sababu ile iliisha ila heshima ikabaki. Na hata dhahabu yenyewe si tupu: nibu ya karati 14 ina asilimia 58.5 tu ya dhahabu, iliyobaki ni metali nyingine za kuiimarisha.

Kuhusu kunepa, tuseme kwa tahadhari. Dhahabu inaweza kunepa kidogo ukiikandamiza na kurudi mahali pake, na zipo nibu za dhahabu ambazo mkono unazisikia tofauti kabisa. Lakini unepaji unategemea zaidi unene wa bati na urefu wa ncha. Nibu nene na fupi ya dhahabu ni ngumu kama msumari. Nyembamba na ndefu ya chuma hunepa. Anayesema nibu yake ya dhahabu ni laini huenda anasema kweli kuhusu nibu yake, si kuhusu dhahabu. Tena kalamu za bei kubwa huenda zikakaguliwa kwa mkono kwa muda mrefu zaidi kabla ya kufungwa, na aliyelipa pesa nyingi naye huandika kwa matumaini makubwa. Kuyatenganisha mambo hayo matatu si rahisi.

Imani nyingine ya ukoo huo huo ni kwamba nibu humzoea mwenyewe, ndiyo maana wazee hukataza kuazimana kalamu. Kitone kile ni kigumu na hulika polepole sana, kwa miaka. Kinachobadilika haraka zaidi ni mkono, ambao hujifunza pembe inayotoa wino vizuri. Hata hivyo katazo la wazee lina busara kwa sababu nyingine: aliyezoea peni ya kawaida, yenye gololi nchani, hukandamiza, na nibu ikikandamizwa hivyo ncha zake mbili hutanuka na huenda zisirudi.

Na kioja chenyewe ni hiki: Lamy wanauza pia nibu ya dhahabu ya karati 14 inayoingia kwenye Safari ile ile ya plastiki ya watoto wa shule. Nibu peke yake ni ghali kuliko kalamu inayoivaa. Hakuna anayekuzuia.

Ikiwa si dhahabu wala bei, nini basi hufanya kalamu moja itiririshe wino vizuri na nyingine ikwame? Geuza kalamu utazame chini ya nibu. Kuna ulimi mweusi wa plastiki, wenye mfereji mwembamba katikati na mapezi mengi pembeni. Kazi yote iko hapo.

Aliyewahi kufuga kuku anakijua chombo cha kunyweshea vifaranga: dumu au chupa iliyopinduliwa juu ya sahani, na tundu karibu na mdomo. Maji hushuka mpaka yazibe tundu, kisha yanasimama, ingawa chupa imejaa na hakuna koki. Yamesimama kwa sababu hewa haiwezi kuingia kuchukua nafasi yao. Kifaranga akinywa, maji ya sahani hushuka, tundu hufunguka, povu moja la hewa hupanda ndani ya chupa, na maji kiasi kile kile hushuka. Chupa hailishi sahani kwa uzito wa maji. Inalishwa hewa ndipo itoe. Kalamu ya wino ni chombo hicho kilichopunguzwa, na karatasi ndiyo kifaranga. Nibu ikichukua wino kidogo, hewa kidogo huingia kupitia ulimi na kwenda kwenye tangi, na wino kiasi hicho hushuka. Kazi ya sahani inafanywa na yale mapezi: wino ukizidi hujibanza katikati yake badala ya kudondoka kwenye shati.

Tofauti ni kwamba kwenye kalamu wino huvutwa pia na wembamba wenyewe. Kimiminika hupenda kupanda kwenye nafasi finyu, ndiyo maana utambi hunyonya mafuta ya taa. Mapezi yana nafasi pana kidogo, mfereji ni mwembamba zaidi, mpasuo wa nibu mwembamba zaidi tena, na nyuzi za karatasi ni finyu kuliko vyote. Wino huenda kila mara kuelekea kwenye ufinyu. Mfumo wa ulimi wenye mifereji ya kupitisha wino na hewa ndio uliompa Lewis Waterman wa New York hataza yake mwaka 1884, na ulimi wa leo ni mjukuu wa ule. Ulimi wa Safari na wa Studio ni mmoja pia.

Hewa hiyo ya ndani ina tabia moja inayotuhusu sisi wa kaskazini. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Hewa iliyofungiwa tangini Dar hutanuka kwa takriban sehemu moja ya sita ikifika huku. Moshi, iliyo chini ya mita 1,000, tofauti ni ndogo zaidi. Kwenye basi mabadiliko hujengeka kwa saa nyingi, na kalamu iliyosimama mfukoni nibu ikitazama juu huitoa hewa taratibu bila kusukuma wino. Kwenye ndege hujengeka kwa dakika, na hapo mapezi huelemewa. Dawa ni kusafiri na tangi lililojaa kabisa au lililo tupu kabisa, nibu juu. Kununua kalamu ghali si dawa: tangi kubwa lililobaki nusu lina hewa nyingi zaidi ya kutanuka. Anayetaka kuandika shajara kileleni Uhuru, mita 5,895, ambako mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani, achukue penseli.

Lazima niitetee 2000, kwa sababu ndiyo inayovunja kanuni. Ina nibu yake yenyewe ya dhahabu ya karati 14, iliyofichwa karibu yote ndani ya mwili, ina ulimi wake, na hujazwa kwa pistoni: unazungusha kitako, wino unavutwa moja kwa moja kutoka kwenye kidau. Hiyo kweli huandika tofauti na Safari. Ila tofauti si lazima iwe ubora. Wengi huona inatoa wino mwingi na mstari mpana kuliko herufi ya upana iliyoandikwa kwenye boksi, na kwenye daftari la kawaida hilo ni tatizo.

Hapo ndipo shangazi angepaswa kuanzia: karatasi. Upana wa nibu huandikwa kwa herufi, EF ikiwa nyembamba kabisa, kisha F, M na B. Daftari za shule na kaunta buku nyingi za kwetu zina karatasi nyepesi inayonyonya. Nibu ya M itatokeza upande wa pili na herufi zitaota manyoya. EF au F ndiyo salama. Kwenye karatasi ya rimu ya gramu 80 hali ni afadhali, japo hutofautiana rimu kwa rimu. Kwa mwandikaji wa mkono wa kushoto ipo nibu ya LH.

Cha pili ni wino. Katriji za Lamy, vile vichupa vya wino vya kuchomeka ndani ya kalamu, ni za umbo lao wenyewe, hazibadilishani na zile fupi za kawaida za Ulaya, na si kila duka la vifaa vya ofisi mjini huziweka. Nunua pamoja na kalamu kile kibomba cha kuvutia wino kutoka kwenye chupa, na kila chupa ya wino wa kalamu utakayoikuta itakufaa, mradi usiwe wino wa kuchorea wenye gundi, ambao huuziba ulimi. Wakili ajue pia kwamba wino wa buluu wa kawaida wa Lamy ni wa kufutika, umetengenezwa kwa ajili ya watoto wanaokosea. Kusainia hati ya kiapo kwa wino huo ni kujitafutia maneno.

Mwili uje mwisho, na hapo kila mtu na mkono wake. Sehemu ya kushikia ya Safari ina kingo zinazolazimisha vidole vikae kwa namna moja, na wasioipenda hawaizoei kamwe. Ya Studio mara nyingi ni chuma laini, na vidole vyenye jasho la Moshi la Februari huteleza. Jaribu kabla ya kulipa ukiweza.

Kama kazi yake binti itakuwa kuandika risiti za kaboni, asinunuliwe yoyote kati ya hizi. Nibu haitaki kukandamizwa, na nakala ya chini itatoka tupu.