Loki haibebi mlango

"Fundi, sogeza tu hicho chuma cha kwenye nguzo, mlango utafunga." Wiki hii nimeambiwa tena, na mwenye Corolla 110 ambayo mlango wake umeshuka, na gereji nyingine ilikuwa imeshamsogezea mara tatu. Nilipofungua mlango wa dereva nikaona mstari unang'aa juu ya chuma hicho chenye umbo la U, kinachoshikwa na loki, pale loki inapokikwaruza kila siku. Chini kwenye kizingiti, mlango ulikuwa umekula rangi hadi bati, na kutu imeshaanza. Kwa hewa hii ya chumvi ya Dar, kutu haingoji mtu.

Mlango unabebwa na bawaba mbili. Loki kazi yake ni kuushika mlango ambao tayari umekaa mahali pake. Ukikishusha chuma cha U kiufuate mlango ulioshuka, utafunga, lakini utaendelea kusaga kizingiti na raba ya juu itaacha mwanya wa maji. Ukikiacha juu ili kiunyanyue, kila unapofunga loki inapandishwa kwa nguvu, uzito wa mlango unaiangukia yenyewe, na siku moja unabaki nje ya gari unavuta kishikio. Bawaba bado ni mbovu vilevile.

Kwa hiyo mimi naanza kwa kukitoa chuma cha U kabisa. Skrubu mbili za nyota, basi. (Zikigoma, usizizungushe hadi kichwa kiharibike, weka mafuta ya kulegeza, gonga bisibisi, ngoja.) Kisha naurudisha mlango taratibu kwa mkono na kuutazama unakaa wapi wenyewe, bila kushikwa na kitu. Hapo mlango unasema kweli. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, ndiyo maana wanapima mlango uliokwisha kuvutwa na loki.

Baada ya hapo ufungue hadi katikati, ushike kwenye ncha chini ya loki, uunyanyue. Ukicheza kabla gari halijaanza kunyanyuka, angalia bawaba: pini na bushi (kile kipete kinachoizunguka pini) zimekwisha. Gari la miaka 25 limeshabeba viwiko vingi na watu wengi wanaojivuta kwa mlango wakishuka. Badili bushi au bawaba nzima kwanza, usipoteze muda na bolti.

Kama hauchezi ila umekaa vibaya, ndipo bolti zinahusika. Toyota hizi kiwandani hufungwa bolti ambazo zinajiweka katikati ya tundu. Unalegeza, unasukuma, mlango hausogei hata kidogo, na hapo mtu anachukua nyundo na ubao. Wacha nyundo! Zitoe, weka bolti za kawaida za uzi uleule, zenye washa (kile kipete bapa cha chini ya kichwa cha bolti), uone mlango utakavyosogea. Za upande wa nguzo zinaupeleka mbele, nyuma, juu na chini. Za upande wa mlango zinauingiza na kuutoa, na juu na chini pia. Chora alama kuzunguka bawaba kabla ya kulegeza chochote, na jeki yenye kitambaa iwe chini ya mlango.

Mlango wa mtumba kutoka Ilala nao una imani yake: "ni wa gari hilohilo, utaingia tu." Matundu yataingia, ndiyo. Mianya ni habari nyingine. Ukiwa na milango miwili ya kupanga, anza na wa nyuma, kwa sababu bodi ya nyuma imechomelewa na haisogei. Wa mbele unafuata wa nyuma, na fenda, lile bati la juu ya tairi la mbele, inakuja mwisho. Mimi natafuta mwanya wa milimita 4 au 5 unaolingana kutoka juu hadi chini.

Kinachonisumbua mpaka leo ni kukunja fremu ya mlango. Mlango wa mtumba mara nyingi umeshagongwa: chini umekaa sawa, fremu ya kioo imetoka nje. Bolti hazisaidii hapo. Nashusha kioo, nasimama upande wa ndani, goti chini ya fremu, navuta kwa mikono miwili kidogo kidogo. Mingine hukaa. Mingine hurudi baada ya miezi na sauti ya upepo, na siwezi kumwahidi mteja upi ni upi. Nguzo yenyewe nikiitilia shaka, napima uwazi wa mlango kona kwa kona, kisha upande wa pili wa gari. Vipimo vikipishana, shida si mlango tena.

Ile Corolla ilikuwa bushi. Nilipozibadili, chuma cha U nikakirudisha mwisho, bila kukibana sana, nikafunga mlango mara mbili kikajipanga, ndipo nikakaza. Kilikaa juu ya alama ya rangi ya kiwandani, ambayo ilikuwa bado inaonekana kwenye nguzo. Kizingiti nimekikwangua kutu na kukipaka praima. Rangi ni wiki ijayo.