Je, wajua kwa nini ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia Dodoma kuliko Dar es Salaam?

Kiwanja kikuu cha ndege cha Tanzania ni cha Julius Nyerere, Dar es Salaam. Jengo lake la tatu la abiria, lililofunguliwa Agosti 2019, peke yake linaweza kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, na njia yake kuu ya kurukia ndege ina urefu wa mita 3,000. Sasa tazama Msalato, kilomita kama 12 kaskazini mwa jiji la Dodoma kwenye barabara ya Kondoa, ambako Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Oktoba 2022. Awamu ya kwanza ya kiwanja hicho imepangiwa abiria milioni 1.5 tu kwa mwaka, lakini njia yake ni ya mita 3,600. Mita 600 hizo za ziada hazikuwekwa kwa fahari ya makao makuu. Zinatokana na hewa ya Dodoma.

Bawa hunyanyuliwa na hewa inayopita juu na chini yake, kwa hiyo hewa ikiwa nzito, kazi huwa rahisi. Kiwanja cha Dar es Salaam kiko mita 55 tu juu ya usawa wa bahari, na kiwanja cha zamani cha Dodoma kiko mita 1,119. Chukua boksi la hewa lenye mita moja kila upande. Dar es Salaam, mchana wa nyuzi joto 32, hewa ndani yake ina uzito wa kama kilo 1.14. Dodoma, mchana wa nyuzi 30, ni kama kilo 1.01. Hewa imepungua kwa asilimia 11 hivi, ingawa joto ni pungufu kidogo.

Upungufu huo huidai ndege mara mbili. Kwanza bawa: ili linase hewa ya kutosha, lazima ndege ikimbie zaidi. Ndege ambayo kipimo cha kasi mbele ya rubani kinapaswa kusoma kilomita 270 kwa saa ndipo iinuke, Dar es Salaam magurudumu yake yatakuwa yanakimbia kama kilomita 280 kwenye lami. Dodoma yatakuwa kwenye 297. Kipimo kinasoma namba ileile kwa sababu nacho hupima msukumo wa hewa, si mwendo wa ardhini. Pili injini: nayo huvuta hewa hiyohiyo, na ikipata hewa pungufu hutoa nguvu pungufu. Hivyo ndege inatakiwa ifikie kasi kubwa zaidi kwa nguvu ndogo zaidi. Kinachobaki cha kuongeza ni urefu wa njia.

Wahandisi wana kanuni ya makadirio kutoka Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Unaanza na urefu ambao ndege ingehitaji usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Unaongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kisha unaongeza asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto iliyozidi joto la kawaida la mwinuko huo, ambalo kwa Dodoma ni kama nyuzi 8 tu. Joto linalotumika si la siku moja kali, bali ni wastani wa joto la juu la kila siku katika mwezi wenye joto kuliko yote.

Tujaribu kwa ndege ambayo ingehitaji mita 2,000 usawa wa bahari. Mwinuko wa Dodoma unaipeleka kwenye mita 2,520 hivi. Tukichukua nyuzi 31 za Novemba, kabla mvua hazijashika, tunafika karibu mita 3,110. Ndege hiyohiyo Dar es Salaam, kwa nyuzi 32, inaishia kwenye mita 2,380. Tofauti ni zaidi ya mita 700, na bado hatujagusa mteremko wa njia, ambao kila asilimia moja yake huongeza urefu kwa asilimia 10. Kanuni yenyewe inaonya kwamba nyongeza ya mwinuko na joto ikipita asilimia 35 makadirio hayatoshi, ufanyike uchunguzi maalumu. Dodoma imepita hapo kwa mbali.

Nairobi iko mita 1,624 juu ya bahari, na njia ya Jomo Kenyatta ina mita zaidi ya 4,100. Johannesburg, kwenye mita 1,694, imevuka 4,400.

Urefu wote huu si wa kuinukia tu. Kila mruko una kasi ya uamuzi, inayokokotolewa kabla ndege haijasogea. Injini ikizimika kabla ya kasi hiyo, rubani anafunga breki na ndege lazima isimame ndani ya lami iliyobaki. Ikizimika baada yake, anaendelea na kuruka kwa injini iliyosalia. Njia fupi haitoi nafasi kwa yote mawili. Hapo breki ndizo zinazoumia: kwa kuwa nishati ya mwendo ambayo breki lazima ziimeze hukua kwa mraba wa kasi, ile tofauti ya 280 na 297 inaongeza mzigo wa breki kwa karibu asilimia 12. Breki zikipata moto kupita kiasi, vizibo maalumu kwenye magurudumu huyeyuka na kutoa upepo taratibu ili tairi lisipasuke. Ndege imenusurika, lakini imekwama njiani, na kiwanja chenye njia moja kimefungwa mpaka iondolewe.

Njia isipotosha, ndege haikatazwi kuruka. Hupunguzwa uzito. Huanza kushushwa shehena, au mafuta, na wakati mwingine viti huachwa vitupu. Kupunguza mafuta maana yake ni kutua mahali pengine kujaza kabla ya safari ndefu. Hapa ndipo umuhimu wa Msalato kwa taifa ulipo, na naona huzungumzwa kidogo kuliko ukubwa wa jengo. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, Serikali ikahamia kwa kasi kuanzia 2016, lakini mji ambao ndege kubwa haiwezi kuondoka ikiwa imejaa bado unaitegemea Dar es Salaam kwa kila safari ya mbali. Kiwanja cha zamani kimebanwa na jiji lililokua kukizunguka. Njia ilirefushwa, ikafaa kwa ndege za safari za ndani, lakini ndege kubwa yenye mwili mpana iliyojaza mafuta ya kuvuka bahari ni habari nyingine. Aidha, Dar es Salaam ikifungwa na mvua, ndege kubwa inayokuja huhitaji mahali pa kukimbilia, na hapo pawe na njia inayoiruhusu kuondoka tena, si kutua tu.

Hata kwa mita 3,600, saa ya kuondoka itaendelea kuwa na uzito. Alfajiri ya Julai yenye nyuzi 14, boksi letu la hewa la Dodoma hupanda hadi kama kilo 1.07. Ongezeko hilo la asilimia 5 hadi 6 linaweza kuwa tani kadhaa za zabibu au nyama kwenye ndege ya mizigo, ndiyo maana katika viwanja vya nyanda za juu ndege nzito za masafa marefu hupendelea kuondoka usiku au kabla jua halijapanda.